Mtakavyoona Inafaa

Kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta yake, Sista hunawa mikono mpaka viwikoni. Hunawia kwenye kijisinki cha ghorofa ya tatu, pembeni ya birika la umeme ambalo kila mtu hulitumia na hakuna anayelisafisha. Hupaka sabuni, husugua katikati ya vidole, huzungusha kidole gumba ndani ya kiganja, halafu huinua mikono juu ili maji yateremke kuelekea viwikoni. Akimaliza hufunga bomba kwa kiwiko. Bomba lile ni la kuzungusha, halikutengenezewa viwiko, kwa hiyo hulazimika kuinama na kujipinda ubavu kama mtu anayemkwepa nyuki. Hapo ndipo huenda mezani kwake na kushika karatasi.

"Sista, leo unampasua nani?" humuuliza kijana wa kompyuta, ambaye hufika mapema kuliko wote kwa sababu ya intaneti ya bure.

"Wewe. Naona ulimi wako umezidi urefu."

Kijana hucheka, na yeye hucheka, na siku huanza.

Jina la Sista lilimfuata kutoka hospitali. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume waliofanyiwa upasuaji, na alikaa huko mpaka vijana aliowapokea wakiwa wanafunzi wakawa wakubwa wake. Hakuwaonea kijicho. Aliipenda wodi kama watu wengine wanavyoipenda nyumba yao, pamoja na mlango wake usiofunga vizuri na dirisha lililozibwa kwa plasta. Mgongo ndio uliomtoa. Alikuwa anamgeuza dereva mmoja wa lori, pande la mtu, wawili tu na mwenzake ingawa kazi ile ilitaka watu wanne, akasikia kitu kikikatika kiunoni kama uzi wa kifungo. Hakumwachia mgonjwa. Alimlaza taratibu, akamfunika shuka, akamwambia pole. Kisha akakaa sakafuni, na ikabidi yeye ndiye ainuliwe.

Daktari alimkataza kunyanyua kitu chochote kizito kuliko mtoto mchanga. Metroni akamwambia kwamba hakuna kazi ya wodini isiyo na kunyanyua, labda stoo, na stoo ilikuwa na mtu wake ambaye hakuwa na nia ya kustaafu wala ya kufa.

Hayo yangekuwa mazito hata kwa mtu asiye na mzigo mwingine. Yeye alikuwa na mama. Mama yake aliishi kwa kaka yake, na kuishi kwenyewe kulikuwa ni kulala sebuleni, kwenye godoro linalotandikwa baada ya watu wote kumaliza kutazama televisheni na kukunjwa kabla ya watoto kwenda shule. Kaka mtu hakuwa mbaya. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa mafuta na waya, anayerudi nyumbani akiwa hoi. Mkewe naye hakuwa mbaya, alikuwa amechoka, ila uchovu wake ulikuwa na mdomo.

"Wifi," humwambia Sista akija kuwatembelea, "mama yako ana bahati. Sisi wote tunaangalia taarifa ya habari tumekaa, yeye anaiangalia amelala."

Au: "Wifi, mwambie mama asikohoe kabla ya alfajiri. Watoto wanadhani ni kengele."

Mama mtu alikuwa akisikia. Hutabasamu, akavuta upande wa khanga yake na kuupanga upya mapajani, kana kwamba wanamzungumzia bibi wa jirani.

Kumchukua kwake Sista hakuweza. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya kibanda cha dobi, choo kiko uani, na kukifikia lazima upande ngazi za saruji zilizomomonyoka. Mama alikuwa na magoti mabovu. Mume ambaye wangesaidiana naye alikwenda zamani mji mwingine kutafuta kazi, akapata kazi, na mke pia.

Basi ilipotokea kampuni moja ya bima ya afya ikawa inatafuta mtu anayeijua hospitali kwa ndani, wa kusoma madai yanayoletwa na kusema lipi ni la kweli na lipi limetiwa chumvi, Sista aliona mlango umefunguka. Kazi ya kukaa kitini. Mshahara, kila mtu alimwambia, ni wa watu wa bima, haulingani na wa wodini. Hata kabla ya usaili alikwenda kutazama nyumba. Ilikuwa ya mzee mmoja kinyozi: vyumba viwili, jiko, choo ndani, hakuna ngazi hata moja kuanzia mlangoni. Chumba cha pili kilikuwa na dirisha pana linalotazama barabara. Sista alisimama katikati ya chumba hicho akanyoosha mikono kupima, akamwona mama yake amekaa pale dirishani akihesabu wapita njia na kuwasema.

"Nitakungoja," kinyozi alimwambia. "Lakini binti yangu, usinisahau. Na mimi nakula."

Siku hiyohiyo alikwenda kumwambia mama. "Mama, nimekupatia chumba. Kina dirisha kubwa."

"Mungu akipenda," mama alisema. Hakuuliza ni wapi, wala lini.

*

Ili mtu aelewe alichokifanya Sista kwenye usaili, lazima aelewe kwanza jinsi zamu zinavyoshikwa wodini.

Muuguzi ana ratiba, lakini maisha hayasomi ratiba. Mtoto anaumwa, shangazi anaolewa, mume anarudi safari. Hapo humwendea mwenzako na kumwambia, "Nishikie usiku wa kesho." Mwenzako hujibu, "Sawa." Basi. Hakuna anayeuliza atalipwa nini. Kuuliza ni aibu, ni sawa na kumwambia mwenzako kuwa humwamini. Siku itafika na wewe utakuwa na shida, na yule uliyemshikia atakuja mwenyewe kabla hujafungua mdomo, naye atakushikia usiku mbaya zaidi kuliko ule uliomshikia, wa mwisho wa mwezi, wa ajali za barabarani, na atakataa kushukuriwa. Baba yake Sista alipofariki, wenzake waligawana zamu zake zote. Aliporudi kazini alikuta hata kikombe chake kimeoshwa na kurudishwa mahali pake.

Aliwahi kuja wodini binti mmoja kutoka chuoni, mwembamba, mwepesi, hodari wa kutafuta mshipa. Siku ya kwanza kuombwa ashike zamu, alimtazama mwombaji akauliza, "Na wewe utanishikia ipi?" Waliokuwa chumba cha chai walimwangalia kama mtu aliyetemea mate ndani ya birika. Tangu siku ile akaitwa Mizani. Aliyempachika jina hilo alikuwa Sista, na watu walilicheka mpaka wakashika mbavu.

Kwa hiyo alipokaa kwenye chumba cha usaili, mikono mapajani, viatu vimepigwa rangi, kichwani hakuwa na sheria nyingine ya kazi zaidi ya ile.

Mbele yake walikuwa wawili. Mmoja alikuwa ofisa utumishi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Wa pili alikuwa Mkuu wa Madai, bwana mchangamfu, tai imelegezwa, anayecheka kabla ya wengine.

"Umewahi kufanya kazi ya bima?" Mkuu aliuliza.

"Sijawahi. Nimefanya kazi ya wagonjwa."

"Hao ndio wanaotufilisi." Akacheka. "Hapana, nakutania. Mtu kama wewe ndiye tunayemtaka. Sisi hapa tukisoma faili la hospitali tunatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango."

Wakamuuliza hiki na kile, akajibu, na kila alipojibu Mkuu alimtazama ofisa utumishi kwa jicho la kusema si unaona. Mambo yalikwenda vizuri hata Sista akaanza kuegemea kiti.

"Sasa," alisema Mkuu, "mshahara. Unategemea tukupe ngapi?"

Kiasi alikuwa nacho. Kaka yake alimfundisha: taja kikubwa, watapunguza, mtakutana mahali. Alikuwa amekitamka mbele ya kioo cha kabati, kwa sauti, mpaka dobi akamwuliza kupitia ukutani anagombana na nani. Lakini pale, mbele ya watu waliomkaribisha vizuri na kumpa maji ya kunywa, kiasi kile hakukitamka. Aliona kukitamka ni kusema: na nyinyi mtanishikia ipi? Tena anatoka kwenye kazi nyingine kabisa, anakuja kufundishwa kazi ya watu. Mgeni haingii nyumbani kwa watu akaulizia nyama.

"Mtakavyoona inafaa," alisema. "Mimi mgeni kwenye kazi hii."

Mkuu aliweka kalamu mezani. "Umesikia?" alimwambia ofisa utumishi. "Wiki nzima vijana wanakuja hapa na bei kama wanauza kiwanja. Huyu anataka kazi." Akamgeukia Sista. "Mama, tutaanza padogo. Ukimaliza kipindi cha majaribio tutakaa tena, mimi na wewe, tuliangalie. Mimi si mtu wa kumsahau mtu."

Sista alimsikia kwa masikio ya wodini. Alichosikia ni mtu anayemwambia: nishikie.

Ofisa utumishi hakuwa amecheka. Alipomsindikiza mpaka kwenye lifti alimuuliza, akiwa anatazama vitufe, "Una uhakika, dada? Hakuna kitu unachotaka kuongeza kabla sijaandika mkataba?"

"Hakuna. Nawashukuru sana."

Mkataba ulipokuja, kiasi kilichoandikwa kilikuwa kilekile cha wodini, bila posho ya usiku, bila posho ya mazingira hatarishi, bila ile ya sare. Yaani alikuwa amehama kazi ili apate pungufu. Alikisoma akiwa amesimama, akakaa, akakisoma tena. Kisha akajiambia kwamba ni cha mwanzo tu, akasaini.

Kaka yake alikuwa amelala chini ya jokofu la watu, miguu tu inaonekana, alipokwenda kumpa habari.

"Ulitaja ngapi?" miguu iliuliza.

"Nilisema watakavyoona inafaa."

Kaka akajivuta nje, uso umepakaa masizi. "Dada yangu. Ukienda kununua viazi, unamwambia muuzaji akupangie bei anayoiona yeye?"

"Pale si sokoni."

"Pale ni wapi?"

Sista alimwona kaka yake ni mtu wa mtaani, asiyejua jinsi watu wa kazi moja wanavyotunzana.

*

Alifanya kazi. Alijifunza kompyuta kwa kijana yule mwenye maneno mengi, akajifunza namba zinazowakilisha magonjwa, akajifunza muhuri upi unagongwa wapi. Kazi yenyewe haikumpa raha. Siku nyingine hukuta dai la mtu aliyelazwa siku nyingi kuliko kawaida, naye akajua kwa nini, akaona kabisa kidonda kilichokataa kufunga na muuguzi aliyechoka akikibadilishia bandeji. Lakini kanuni husema siku zilizozidi hazilipwi, na mkono wake ndio ugongao muhuri. Huo ulikuwa uchungu wa pembeni. Aliumeza kwa sababu ya dirisha lile.

Na alishika zamu. Mwenzake mmoja mtoto wake alipolazwa, Sista alimaliza mafaili yake pamoja na ya mwenzake, hakuuliza kitu. Aliletewa pakiti ya biskuti. Mwingine akaenda harusini kwa wiki, akamfanyia; aliporudi alimwonyesha picha. Sista alizitazama picha zote na kumsifia bibi harusi. Hakusononeka. Alijua siku yake itafika.

Mwezi mmoja kabla ya majaribio kwisha, Mkuu mwenyewe alipita mezani kwake, koti begani.

"Sista, nasafiri na familia. Nishikie ofisi."

Alisema vilevile, nishikie, neno kwa neno, na moyo wa Sista ukafunguka kama dirisha. Kumbe na huyu anajua. Alimshikia ofisi. Alifika mapema, alitoka wa mwisho, alipokea simu za hospitali zilizokasirika na simu za wagonjwa waliolia, na Mkuu aliporudi, mweusi kwa jua na mwepesi kwa usingizi, alikuta meza yake haina hata karatasi moja inayomngoja. Alimletea Sista kikombe chenye picha ya hoteli.

"Mimi si mtu wa kusahau," alimwambia.

Jioni hiyo Sista alinunua kitambaa cha pazia, kizito, cha rangi ya mchanga. Alikipeleka kwa mama akiguse. "Hiki kinazuia jua la mchana," alimwambia, "lakini ukikivuta kidogo unaona barabara yote." Mama alikisugua kati ya vidole viwili. Siku iliyofuata, wifi mtu akampigia simu kumwambia kwamba mama amekunja nguo zake zote na kuzitia kwenye mkoba, na mkoba umekaa njiani, watoto wanajikwaa.

Majaribio yakaisha. Hakuna aliyemwita. Wodini humkumbushi mtu, ukimkumbusha umeharibu. Kwa hiyo alianza tu kupita mbele ya mlango wa Mkuu polepole, faili mkononi. Mkuu humpungia mkono. Mwishowe ikaja barua ya kumthibitisha kazini, yenye pongezi, na chini kabisa sentensi moja kwamba masharti mengine yote yatabaki kama yalivyo. Akaelewa kuwa bado wanapanga. Akamwambia kinyozi amngoje, akamwambia mama mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja na kupita, na mwenzake nao ukapita.

Ndipo alipokuja Mizani.

Aliingia asubuhi moja akiwa na ofisa utumishi, mwembamba vilevile, na alipomwona Sista alimrukia shingoni. "Shikamoo dada! Kumbe ndiko ulikojificha?" Wote wawili walifurahi kweli. Mtu uliyewahi kushika naye miguu ya mgonjwa anayerusha mateke hawi mgeni kwako tena. Wakampa meza ya jirani, na Mkuu akamwambia Sista amwelekeze kila kitu.

Mchana walikula pamoja kwenye ngazi za nyuma, sahani mapajani.

"Unajua nilijua ni wewe," Mizani alisema.

"Nini?"

"Uliyeniita Mizani."

Sista aliinamia sahani. "Ni mimi."

"Mwanzoni nililia. Baadaye nikaona, basi, si bora mizani kuliko kapu linalopokea kila kinachotiwa." Alicheka, akalamba kijiko. "Hata juzi kwenye usaili nilikukumbuka. Yule baba kaniuliza nataka ngapi. Nikamtajia. Akacheka, akaniambia hiyo ni ya mkuu wa kitengo. Nikamwambia, basi nipeni ukuu wa kitengo. Yule mama wa utumishi akageuza uso ukutani, nahisi alikuwa anacheka. Tukavutana, tukavutana, tukakutana katikati."

"Katikati ni wapi?"

Mizani alimwambia. Alimwambia wazi, bila kushusha sauti, kama mtu anayetaja namba ya basi. Ilikuwa karibu mara mbili ya anachopata Sista.

"Si haba kwa kuanzia," Mizani akaendelea. "Wewe najua uko juu zaidi. Mwaka mzima, tena wewe ndiye unayetufundisha."

"Hm."

"Hm ya nini?"

"Chakula kina moto."

Chakula kilikuwa kimepoa zamani. Mizani alimtazama usoni.

*

Alikwenda kwa Mkuu siku ya tatu, baada ya kupiga moyo konde na kulegea mara kadhaa. Alisimama mpaka alipoambiwa akae.

"Mheshimiwa, ulisema tutakaa tena. Baada ya majaribio."

Mkuu alifikiri. Alifikiri kwa kweli, Sista aliona, alikuwa anatafuta kumbukumbu kama mtu anayetafuta miwani. "Ni kweli," alisema. "Ni kweli nilisema. Mshahara, sivyo?"

"Ndiyo. Nimesikia wengine wanaanza na zaidi."

"Ah. Mwenzako amekwambia." Hakukasirika. Alivuta kiti chake karibu. "Mama, nitakwambia kama dada yangu. Yule alikuja na bei yake. Mtu akija na bei, mnavutana. Wewe hukuja na bei. Ulisema tutakavyoona inafaa. Tukaona."

Sista alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi, safi, hayana mkunjo.

"Nilikushikia ofisi," alisema.

"Na nilikushukuru sana. Kikombe hukukipata?"

"Nilikipata."

"Basi." Akafungua mikono. "Sikatai kukuongezea. Mwisho wa mwaka kila mtu anapata nyongeza. Lakini nyongeza hapa inakwenda kwa asilimia ya ulichoanzia, sina pa kupenya. Ukianzia chini, asilimia nayo inakuwa ya chini. Ni hesabu tu, wala hatukuchukii. Labda uniletee barua ya kampuni nyingine inayokutaka. Hapo nitakuwa na la kuwaambia wakubwa."

"Na nisipokuwa nayo?"

"Tuendelee vizuri, mama. Kazi yako tunaipenda."

Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa dakika chache zaidi, akamsifu, akamsindikiza mpaka mlangoni. Ubaya wote wa jambo lile ulikuwa hapo, kwamba hakukuwa na mbaya. Hakuna aliyemwibia. Alikuwa amekwenda kwa watu wasiojua kushikiana zamu, akawashikia zamu, na wao walidhani anapenda tu kukaa ofisini.

Kwenye ujia alikutana na ofisa utumishi. Walisimama.

"Dada," alisema yule mama kwa sauti yake ya chini, "siku ile kwenye lifti nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nisingeweza kusema zaidi ya pale. Na mimi nina mkate wangu hapa."

"Najua," Sista alisema. Hakuwa anajua. Ndiyo kwanza alikuwa amejua, dakika ileile.

Alirudi mezani. Mizani alikuwa amekwama kwenye faili la mtu aliyelazwa siku nyingi, akamwita, "Dada, hili tunalifanyaje?" Sista akavuta kiti, akamwelekeza. Alimwelekeza vizuri, kama alivyokuwa akiwaelekeza wanafunzi wodini, hakumficha kitu. Ila mara moja mkono wake ulipogusa mkono wa Mizani aliuondoa upesi, na Mizani akauona ukiondoka.

*

Jumamosi alipitia kwa kinyozi kwanza. Mzee alikuwa ananyoa kichwa cha mtu, akamwashiria angoje, lakini Sista alisema jambo lake ni fupi.

"Ile nyumba, baba. Wape wengine."

Wembe ulisimama. "Wapo wengine tangu miezi iliyopita," mzee alisema. "Niliwaambia ina mwenyewe."

"Nisamehe."

"Ningekusamehe zaidi ungekuja mapema, binti yangu." Akaendelea kunyoa. Mteja, kichwa kimeinama, alikohoa kwa adabu.

Kwa kaka yake alimkuta wifi anapiga deki, viti vimepandishwa juu ya meza, mama amekaa mlangoni juu ya kiti cha plastiki, miguu nje ili asikanyage maji. Mkoba wake ulikuwa pembeni yake. Wifi mtu alikuwa ameutoa sebuleni ili apitishe deki, au mama mwenyewe aliutoa, Sista hakuuliza.

"Wifi karibu," alisema mke wa kaka yake, hakuinua mgongo. "Leo hatuna pa kukukalisha. Mwenye kiti ni mama."

Sista alichutama pembeni ya mama yake, mgongo ukamkemea, akabaki hivyohivyo. Alimsalimia. Akamuuliza magoti. Akamuuliza usingizi. Alimsimulia kijana wa kompyuta alivyomwagia chai kibodi. Mama alicheka mahali pa kuchekea. Siku nyingine zote, kufikia hapo, Sista alikuwa tayari amekwisha kulitaja dirisha, au pazia, au kitanda kitakavyokuwa, si cha juu, cha kushuka kwa urahisi. Leo hakutaja, akahamia kwenye bei ya sabuni.

Mwaka mzima mama hakuwa ameuliza. Alikuwa amepokea kila mwezi ujao na Mungu akipenda yake, akafumba mdomo, kwa sababu kumuuliza mtoto anayehangaika ni kumwongezea mzigo. Sasa alipanga upya upande wa khanga mapajani, akautazama mkoba, akamtazama mtoto wake.

"Kile chumba, mwanangu," alisema. "Kipo?"

Ndani, deki ilisimama.

Majibu ya kujifichia Sista alikuwa nayo mengi. Wanaangalia. Mwisho wa mwaka. Nimeongea na Mkuu mwenyewe.

"Hakipo, mama."